Aliyefungiwa Juani

Kofia alizungusha ufunguo, akautia kifuani, kisha akauegemea mlango kwa mgongo. Upande wa pili pacha wake alianza kugonga.

"Dada, fungua! Utani gani huu?"

"Si utani. Kaa juani."

Walizaliwa siku moja, Kofia akitangulia. Yeye alitoka na ualbino, mdogo wake akatoka mweusi ti. Mama yao, asiyetaka kubagua, aliwavika wote nguo za mikono mirefu na kofia pana, na mkubwa jina la Kofia likamganda. Mdogo alipopata akili zake alizivua, akazurura juani apendavyo, mpaka mwaka ule Kofia alipokatwa saratani nyuma ya sikio. Waliporudi kutoka hospitali, mdogo mtu alitundika mapazia mazito kwenye chumba chao cha kushonea, akaapa: "Usipotoka, na mimi sitoki." Tangu hapo habari za jua wakawa wanaletewa na wateja. Kofia hakumkataza. Tena, tuseme ukweli, alifurahi.

Basi mifupa ya mdogo ikaanza kudai chake. Akiinuka kwenye cherehani anashika ukuta kama bibi kizee. Jana daktari aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa.

"Kwa dada yako jua ni adui," alisema. "Ngozi yako wewe inalihitaji ili mifupa ikaze, tena kuliko unavyodhani. Vidonge hivi umeze, lakini na nje utoke."

Vidonge alivipokea. Kutoka alikataa katakata, njia nzima. Ndiyo maana leo Kofia alimtuma akakung'ute vumbi la kitambaa hapo nje mara moja tu, halafu akamfungia.

Sasa mwenyewe hakutulia. Alishika mkasi, akauweka. Akapanga vifungo vilivyokwisha kupangwa. Akasogeza pazia kwa kidole, mwanga ukamchoma macho, akaliachia.

"Wateja watanicheka!"

"Wacheke. Usiku ni mimi ninayekusikia ukigumia, si wao."

"Niliapa mbele yako!"

"Nani alikuomba uape?"

Hapo alijua anasema uongo. Kwa mdomo hakuomba, lakini kabla ya kiapo kile, kila mdogo wake alipotoka, yeye alinuna mpaka jioni.

Mara kugonga kukakoma. Kofia ndipo alipochanganyikiwa hasa. Ameanguka? Ameondoka zake? Akageuka, akaanza kuubamiza mlango yeye, kutokea ndani.

"We! Upo?"

Akatega sikio mlangoni.

"Nipo," ikaja sauti, chini chini. "Dada, usikasirike."

"Nini?"

"Jua tamu."

Wivu ulimshika Kofia, na machozi yakafuata. Alijifuta kwa mkono wa gauni, akavaa kofia yake, akafungua. Mwanga ukamwagika mpaka kwenye vidole vyake vya miguu, akarudi nyuma.

Mdogo wake alikuwa amekaa kizingitini. Hakuingia. Alijivuta akainuka kwa kushika mwimo, akasimama katikati ya mlango, uso juani, na kivuli chake kikaingia ndani kikamfunika Kofia tangu kichwani mpaka miguuni.

"Sogea karibu," alisema bila kugeuka. "Hapo nyuma yangu jua halikupati."

Miguu yake ilikuwa inatetemeka. Kofia akasogea, akamshika kiuno asianguke.