Sindano Isiyouma

Clementina alijivunia Kirundi chake, na hapo ndipo pa kuanzia, maana kama asingejua hata neno moja, mtoto yule angechomwa sindano. Alikuwa muuguzi, mwenyeji wa Mbinga, mwaka wa pili tangu ahamishiwe Kigoma. Wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukweni Kagunga mwaka ule wa 2015, alipelekwa huko kwa boti na deli la barafu la kuhifadhia chanjo. Mfukoni alikuwa na kijidaftari cha maneno: homa, kuhara, chanjo, leo, jana. Yalitimia thelathini na saba. Vitenzi aliviacha mpaka apate nafasi.

"Ejo: jana," aliandika kwa kalamu nyekundu.

Siku hiyo mkalimani wake, Mwalimu Petero, mkimbizi aliyewahi kufundisha shule huko kwao, aliitwa kwenye hema la kipindupindu. Clementina akabaki mezani peke yake. Foleni haikuonyesha mwisho, meli ilikuwa ikisubiri watu wa kwenda Kigoma mjini, na chanjo ya surua ilibaki chupa moja ya watoto kumi. Kanuni aliijua kama sala ya Baba Yetu: mtoto asiye na kadi achomwe, basi. Yeye akauliza. Kuuliza si ujinga, wanasema, ila hutegemea unauliza kwa lugha gani. Alitaka kuokoa dozi, ndiyo, lakini alitaka pia asikike akiongea. Tusimfichie.

Mbele yake alisimama mama mmoja, Astérie, na binti yake Irambona wa miezi tisa hivi. Kadi ilikuwa imepotelea njiani.

"Urucanco rw'agasama," Clementina akasema, yaani chanjo ya surua. Akaongeza, "Ryari?" Lini?

"Ejo, muganga," Astérie akajibu upesi, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo.

Jana. Safi kabisa. Clementina akamdondoshea mtoto matone ya vitamini kinywani, akampaka ukuchani wino wa waliokwisha kuhudumiwa, akajaza kadi mpya: Surua, amepata. Watoto waliotangulia walikuwa bado wanaangua vilio, mikono imewavimba. Irambona alilamba midomo akacheka. Mama yake akaushika mkono wa muuguzi kwa mikono miwili. "Urakoze cane." Asante sana.

Clementina alishinda na furaha siku nzima. Dozi ile alimchoma mtoto mwingine.

Wiki tatu baadaye alipangiwa zahanati ya kambini, walikohamishiwa wakimbizi, na Petero akaja naye. Asubuhi moja Astérie aliingia na mtoto mgongoni. Macho ya Irambona yalikuwa mekundu, yamejaa tongotongo. Vipele vilianzia nyuma ya masikio vikashuka hadi tumboni, na kila akivuta pumzi mbavu zilibonyea ndani. Clementina aliijua surua kabla hajamgusa. Akaomba kadi, akakutana na mwandiko wake mwenyewe.

"Muulize," alimwambia Petero, "siku ile aliniambia mtoto amechanjwa jana yake. Alichomwa wapi?"

Petero akauliza, akasikiliza, akakunja uso. "Sista, hakuchomwa popote. Kliniki ya kwao ilimpangia siku mtoto atakapotimiza miezi tisa kamili. Alikuwa akizihesabu siku hata njiani wakikimbia. Ulipomuuliza lini, ilikuwa imebaki siku moja. Alikujibu kesho."

"Alisema ejo."

"Ndiyo. Ejo ni kesho."

"Ejo ni jana, Mwalimu! Wewe ndiye uliyenifundisha!"

"Ni jana, na ni kesho pia. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha ni ipi. Wewe ulitumia kitenzi gani?"

Clementina hakuwa na kitenzi. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

Daktari alimpima mtoto, akaandika dawa za sindano, akasema mapafu yamejaa na wasitegemee makubwa. Mashine ya oksijeni ilikuwa moja, tayari watoto wawili wakiigawana.

"Mwambie ukweli," Clementina alimwambia Petero. "Mwambie kosa ni langu. Mwambie habari ya lile neno."

Petero akachuchumaa mbele ya Astérie, akaongea taratibu, kwa kirefu. Clementina akatega sikio. Alikuwa na maneno thelathini na saba, na hapo alilihitaji moja tu. Alisikia Imana, Mungu. Alisikia umwana, mtoto. Ejo hakulisikia hata mara moja.

Astérie akainua uso, akaushika tena mkono wa muuguzi kwa mikono miwili, akasema jambo.

"Anasemaje?"

"Anashukuru," Petero akasema, akiangalia pembeni. "Anasema hata kule Kagunga ulimhurumia. Watoto wa wenzake walichomwa wakalia. Wa kwake ulimpa chanjo isiyouma."

Clementina akafungua mdomo. Kirundi cha kulisema jambo lile hakuwa nacho, na Kiswahili chake hakikuwa na njia ila kupitia kwa Petero. Angeweza kumshurutisha mzee wa watu. Hakumshurutisha. Alipata nafuu moyoni, akaionea haya nafuu hiyo, na bado akaichukua.

Irambona alifariki siku iliyofuata, saa nne asubuhi, wino ukiwa bado kwenye ukucha wake.