Mikono ya Kushoto

Karakana ya dinari pale Roma ilimjua Avilio kwa jambo moja: hakosei. Kwenye muhuri wa chuma kila kitu huchongwa kinyume, ili fedha ikigongwa picha itokee sawasawa, naye alichonga kinyume miaka nenda miaka rudi bila hata kufikiri. Basi dinari ya majaribio ilipotoka, msimamizi Hilaro aliitazama, akaguna.

"Mzee Avilio, hebu njoo. Hii mikono gani?"

"Mikono iliyoshikana. Si ndiyo mliyotaka? Kaisari na jeshi lake wamepatana."

"Wamepatana kwa kushoto? Loo! Watu hupatana kwa kulia, bwana! Askari wakiiona hii watasema nuksi, na mimi na wewe tutakiona cha mtema kuni. Umesahau kugeuza, kama mwanafunzi wa jana?"

Wenzake kwenye tanuri wakaangua kicheko. Jamani, ingekuwa kusahau, ingekuwa nafuu.

"Sikusahau," Avilio akasema. "Ni mkono wa Sabidia."

Kicheko kikakatika. Sabidia alikuwa mkewe, na majivu yake yalizikwa mwezi uliopita. Alikuwa amepooza upande wa kulia. Mkono uliobaki na uhai ulikuwa wa kushoto, na ndio aliomshika nao mumewe mpaka pumzi ya mwisho. Avilio alipoketi kuchonga, mikono mingine haikumjia kabisa. Hata kidole kidogo cha Sabidia kilichopinda alikichonga. Alikuwa amechonga nyuso za Makaisari watatu, mkewe hakuwahi kumchonga hata siku moja, na jambo hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

"Dinari iyeyusheni," akasema. "Muhuri niachie, Hilaro. Nakuomba."

"Pole, mzee wangu. Lakini muhuri ukitoka humu mzima, shingo yangu inatoka nao. Aliyeuchonga ndiye anayeuvunja, unajua."

Avilio akauweka muhuri juu ya fuawe, akashika patasi na nyundo. Akaanza na ule mkono wa pili, uliokuwa wake mwenyewe. Ukafutika kwa pigo moja. Akainua nyundo tena, akabaki ameiinua, machozi yakimchuruzika ndevuni.

Hilaro akaipokea nyundo.

"Basi, mzee. Nitamalizia mimi. Geukia kule."

Avilio hakugeuka.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Usimuumize."