Chokaa ya Wageni

Kitanda cha Eliasi kilikataa kupita mlangoni, kwa hiyo wapangaji walianza na Eliasi mwenyewe. Celina alishika godoro upande wa kichwani, mpiga pasi wa chumba cha uani akashika miguuni, na Bi Amna akatangulia ukumbini akisukuma masufuria kwa mguu ili wapate njia. Eliasi hakulalamika. Kulalamika alikuacha bandarini, siku mzigo ulipochomoka kwenye winchi ukamlalia mgongoni, na kampuni mpya iliyonunua kazi ikasema haimjui, akaiulize ile ya serikali iliyokwisha kufa. Alichobakiwa nacho ni utani.

"Taratibu jamani," alisema godoro lilipopinda kizingitini. "Mkinivunja mara ya pili, na nyie mtasema hamnijui."

Walimvusha barabara, wasukuma mikokoteni wakiwafokea, wakamlaza kwenye kibaraza cha duka la Jitendra, katikati ya majora ya vitambaa. Nyuma yake vikafuata vingine: ndoo, majiko ya mkaa, vyandarua, kabati lisilo na mlango, viroba vya viatu vya mitumba ambavyo Celina huvipeleka kuuza soko la Mchikichini. Nyumba nzima ilimwagwa Mtaa wa Narung'ombe kama utumbo wa samaki.

Jitendra alitoka na kalamu sikioni, akaangalia godoro, akamwangalia Bi Amna.

"Mnahama, Bi Amna?"

"Tunahama wapi? Tunapigwa picha."

"Mimi nikipigwa picha navaa shati jipya. Sijawahi kutoa kitanda nje."

Watu wakacheka, na Bi Amna akacheka kuliko wote. Ndivyo alivyokuwa. Raha yake nyumba ijae: huku anayekuna nazi, kule wanaogombania zamu ya choo, barazani wanawake wanamsuka mtu na kumsengenya mwingine. Mpangaji aliyekwama hakumtoa. Aliyefiwa alikuja kulilia kwake hata kama hawajuani.

Nyumba aliijenga babu yake kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, akaipa mlango wa nakshi ambao watu walisimama kuutazama. Hati ilikuwa kwa marehemu kaka yake, Nasor, aliyetamka mbele ya ukoo mzima kwamba dada yake atakaa humo mpaka kufa. Kisha akatangulia kufa yeye, na hati ikaenda kwa mwanawe Taimur. Tangu hapo walikuja wapimaji, wakaja madalali, wakaja wenye suti. Bi Amna aliwajibu wote kutokea dirishani, mlango ukiwa na komeo.

Maana mtaa ulikuwa unaanguka. Tangu biashara ifunguliwe, kila aliyeingiza kontena mbili za vyombo vya plastiki alitaka ghorofa. Kulia kwake ghorofa, kushoto kwake ghorofa, na jua likawa linachungulia uani saa sita tu, kama mgeni mwenye haraka.

Sasa huyu wa kupiga picha, Severine, hakuja na suti. Alikuja na begi mgongoni, akaamkia shikamoo kwa kuinama, akakaa barazani kama mtoto wa mtu. Akasema yeye ni wa mradi wa kurekodi majengo ya kale. Akasema nyumba hii ni urithi wa taifa, na ana mashine ya kuipiga picha jiwe kwa jiwe, nje na ndani, mpaka ikae yote kwenye kompyuta isipungue hata msumari. Bi Amna alimwelewa hivi: kitu kilichopigwa picha na serikali, hakuna mhuni wa kukigusa. Celina alimuuliza ana uhakika gani. Bi Amna akamjibu kwamba hata mwizi akishapigwa picha polisi, raia hawamchomi moto tena.

Akafungua komeo.

Wageni wakaandaliwa kama inavyopasa. Siku moja kabla, Bi Amna alikoroga chokaa kwenye pipa, akapaka ukumbi mzima kwa mkono wake, bega la kulia likimuuma mpaka meno. Celina alisugua baraza kwa gunzi na sabuni. Kwa hiyo Severine alipoingia na wenzake wawili na kukuta kuta nyeupe kama sanda, alisimama akaguna.

"Mama, mngeacha vilevile. Sisi tunautaka ukuta wa zamani."

"Mwanangu, mgeni nimpokee na masizi?"

Severine alitabasamu kama mtu aliyemeza neno. Akaomba basi jambo moja tu: vitu vitoke vyote, na watu watoke wote. Mashine haichagui, alisema. Ikiona ndoo itachukua ndoo, na mtu akitembea mbele yake anavuruga ukuta. Wanaitaka nyumba yenyewe.

Wakatoka. Mashine ilisimama ukumbini kwa miguu yake mitatu, kichwa kikizunguka polepole, ikatoka hapo ikaingia chumba hiki na kile, uani, barazani. Kule ng'ambo, Eliasi aliwatangazia wapita njia kwamba yeye ndiye bidhaa mpya ya Jitendra, hauzwi kwa mita. Wakati watu wanamcheka, kibaka alinyanyua kiroba kimoja cha viatu akapotea nacho gengeni. Celina alimtukana mpaka na ukoo wake.

Bi Amna yeye alisumbuliwa na jambo jingine. Asubuhi nzima ana wageni ndani, na hata maji hawajanywa. Hilo lilimshinda. Alichemsha kahawa kwenye jiko lililokuwa kando ya barabara, akapanga birika, vikombe na kashata kwenye sinia, akaingia nalo. Kichwa cha mashine kilikuwa kinauelekea mlango. Severine alinyanyua mkono kumzuia, lakini alikwishafika katikati ya ukumbi. Wakanywa wamesimama. Severine akasifu kahawa, akaomba kikombe cha pili.

Mvua za vuli hazikuwa zimekatika pale Taimur alipokuja na watu wa kupaka rangi. Alibusu mkono wa shangazi yake kwanza. Kisha wale watu wakachora X nyekundu, kubwa, kando ya mlango wa nakshi, pale Bi Amna alipozungushia chokaa ili mlango utokeze. Chokaa mpya hainywi rangi. X ilikaa juu yake iking'aa, ikachuruzika kidogo mguuni. Taimur alisema nyumba imeuzwa, mnunuzi anaitaka tupu. Akamshauri shangazi atafute chumba Mbagala, kuna hewa.

Siku iliyofuata Bi Amna na Celina walikwenda kwenye ofisi inayohusika na nyumba za kale. Afisa wa huko, Nassibu, aliwasikiliza vizuri. Aliwaambia nyumba inayokaliwa haivunjwi mpaka wanaokaa wapewe pa kwenda, ndivyo sheria inavyosema. Atalifuatilia, warudi wiki ijayo. Celina alianza vigelegele kwenye ngazi. Jioni ile walipika wali wa nazi, Jitendra akaleta boksi la pipi, na Eliasi akabebwa mpaka barazani aone watu. Nyumba ilijaa mpaka wengine wakala wamechuchumaa barabarani.

Waliporudi ofisini walimkuta Taimur amekwishakaa. Severine alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono mgongoni. Hapakuwa na kiti kingine, na Taimur hakunyanyuka.

"Mama, wewe ulisema nyumba ina watu," Nassibu alianza, kwa upole uleule.

"Ina watu kila chumba. Ina na mgonjwa asiyesimama."

Nassibu akakigeuza kioo cha kompyuta upande wao, akasogeza kidole, na nyumba ikatokea. Ilikuwa inaelea gizani, nyeupe, inazunguka taratibu, mlango wa nakshi unaonekana ua kwa ua. Bi Amna hajapata kuiona nyumba yake nzuri namna ile. Nassibu aliingia nayo ukumbini, akaingia chumba cha kwanza, cha pili, uani. Hakuna jiko. Hakuna kamba ya nguo. Sakafu tupu, kuta tupu.

"Nionyeshe hao watu."

"Tulitoka. Huyu ndiye alituomba tutoke. Mwanangu, si ulituomba?"

Severine alisema ndiyo, ndio utaratibu, mradi unarekodi majengo. Nassibu alimuuliza kama siku hiyo alikuta watu wanaishi ndani. Severine alimtazama Taimur, akatazama kioo, akasema yeye anajibu kwa kile ambacho mashine imekiona.

Celina alipandisha mori. Akasema mtaa mzima unawajua, aitwe Jitendra, aitwe muuza maji, aitwe hata yule kibaka aliyeondoka na viatu vyake.

"Majirani wanabebana, dada," Nassibu alisema. "Picha haina jirani."

Bi Amna aliomba arudi chumba cha Eliasi. Nassibu akarudi. Sakafuni kulikuwa na mstatili wa saruji uliopauka kuliko pengine, na vishimo vya miguu ya kitanda kwenye kona zake. Bi Amna akavigusa kwa ukucha kwenye kioo. Hapa ndipo analala, alisema, hapa kichwa, hapa miguu.

"Hivyo ni vishimo, mama."

Halafu akamweleza mengine, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha basi. Nyumba ya kale haitolewi kibali cha kubomolewa mpaka ipigwe picha hizi, ndani na nje. Anayetaka kubomoa ndiye anayeugharamia mradi. Taimur alikuwa amekwama muda wote kwa sababu shangazi yake hamfungulii mtu mlango.

"Mara hii ulifungua. Tunashukuru kwa ushirikiano wako."

Taimur aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya.

Nyumba iliendelea kuzunguka, ikaja tena na ukumbi wake, na hapo Bi Amna akaona.

"Simamisha."

Katikati ya ukumbi, karibu na ukuta, kulikuwa na kitu kama moshi. Juu hakikuwa na kichwa. Chini kilikuwa na pindo la gauni na kandambili moja. Mbele yake sinia lilielea bila mkono, na juu ya sinia birika, mdomo wake umetokeza sawasawa.

"Huyo ni mimi," alisema.

Nassibu akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Celina alimkamata Bi Amna mkono, akambana.

"Bosi, tazama birika," Celina alisema. "Nani anaingia nyumba tupu na kahawa?"

Nassibu akamgeukia Severine. "Nini hiki?"

"Uchafu wa picha. Mtu alipita mashine ikizunguka. Nakala ya mwisho huwa tunaisafisha."

"Nakala ya mwisho ndiyo ninayoitaka mimi."

Severine alisita. Bi Amna alimwona anasita, akamtazama usoni jinsi anavyotazamwa mtoto aliyekula kwako. Taimur akanyanyuka haraka, akampisha kwenye kiti. Severine akakaa.

Alichukua kipande cha ukuta kilicho safi, pembeni, akakinakili, akakibandika. Sinia likaondoka. Akanakili tena. Birika likaondoka, gauni likaondoka, ikabaki kandambili peke yake, nayo akaifunika. Pale Bi Amna alipokuwa amesimama pakawa ukuta mweupe mtupu. Aliutambua. Ilikuwa chokaa yake mwenyewe, na michirizi ya brashi iliyokwenda upande, kila ilipofika pale bega lilipokuwa likimkatalia.

"Sasa safi," Nassibu alisema, akaanza kuizungusha nyumba upya, mlango wa nakshi ukapita, ukumbi ukapita, vyumba vyote wazi. Akakunja uso, akapunga mkono.

"Mama, sogea kidogo. Unatia kivuli kwenye kioo."