Njoo Ijumaa

Wanangu wawili waliniweka kikao. Ndiyo, mimi mama yao, niliyewafuta makamasi, niliitwa sebuleni nikakalishwa kama mshitakiwa.

"Mama, nchi ya watu, peke yako, lugha huijui," alianza kifungua mimba wangu. "Ukipotea je?"

"Nitauliza. Mdomo ninao."

Hilo hawakubisha, maana mdomo wangu wanaujua.

Nilikuwa nakwenda kumwona Bobini, shoga yangu. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu akianza kusimulia, uzi haukatiki mpaka uishe wenyewe. Yeye huniita Mkasi. Tulifungua kibanda cha ushonaji tukiwa wasichana, mimi nakata, yeye anashona, na hatukuwahi kubadilishana. Lakini Bobini alikuwa na tabia moja iliyonitia wazimu. Mteja asiyempenda, nguo yake inaisha siku hiyohiyo, apewe aende zake. Mteja anayempenda, masikini, ndiye anayezungushwa. "Nguo yako bado, njoo Ijumaa." Ijumaa ikifika, vifungo bado. Wanapiga soga, wanacheka, na mtu anaondoka bila nguo wala hajanuna. Anayenuna ni mimi.

Kisha binti yake akaolewa ng'ambo, akajifungua, akamwita mama yake amsaidie kulea. "Miezi michache tu," Bobini aliniambia. Wee! Miezi ikazaa miaka. Cherehani yake niliifunika kitambaa, na kila Jumamosi nikaitia mafuta; kushona nikawapa mafundi wa mtaani. Binti wa jirani aliyehitimu ushonaji alikuja kuomba akalie kiti cha Bobini, nikamkatalia. Wanangu wakasema, "Mama, mama mdogo harudi." Nikawajibu kwamba nakwenda kumleta mwenyewe, na nikimkosa, basi, kiti nitakitoa. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu. Kutembea kulikuwa kisingizio tu.

Balaa lilianzia uwanja wa ndege. Mkoba wangu ulipopita kwenye mashine, askari wa kike alichomoa mkasi wangu wa kukatia, ule mkubwa wa chuma, akaushika kama aliyekamata nyoka.

"Mama, hiki ni nini?"

"Mkasi. Kwani hiyo sare yako ulidhani imekatwa kwa meno?"

Mwanangu, nyuma ya kioo, alijishika kichwa. Mkasi akarudishiwa yeye, nami nikapanda ndege mikono mitupu, nimevimba kwa hasira mpaka chakula kilipoletwa.

Bobini alinipokea kwa vifijo hadi watu wakageuka. Alikuwa amenenepa, mwongo mkubwa! Kwenye simu kila siku anasema anakonda kwa kunikumbuka. Anaishi na bintiye juu ya duka la dobi, na hapo chini kwa dobi ndipo anaposhona, kazi za kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Nilikaa kwenye kona nikamtazama. Wateja wanaingia, anawajibu kwa lugha yao, wanacheka. Mjukuu wake akitoka shule anakuja mbio na kujitupa mapajani pake, viatu na vyote. Mimi nilikuwa na hotuba yangu niliyoiandaa tangu nyumbani, na kila nilipofungua mdomo, mtu aliingia. Roho iliniuma, sitasema uongo. Nilitaka nimkute mnyonge kidogo tu, kiasi cha kufunga sanduku.

Jumapili duka lilifungwa. Bobini akanishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma. Palikuwa na meza ndefu, mpya, bado inanukia mbao, na kimo chake kilinifika kiunoni sawasawa.

"Meza yako ya kukatia," akasema. "Nimeshaongea na dobi. Hamia huku, Mkasi. Wanao wamekua."

Nikaangua kicheko mpaka nikakaa chini.

"Sasa unacheka nini?"

"Mimi nimekuja kukuchukua wewe!"

Naye akacheka, akapigapiga meza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha kicheko kikatuishia.

"Mjukuu wangu akiamka ananiita mimi kabla ya mama yake," akasema.

"Na mimi nina wangu wanne. Na wateja. Na kaburi la babu yao."

"Basi."

"Basi," nikasema.

Tulilia kidogo. Kwani nani angetukataza?

Akapenga kamasi, akatoa kitambaa cha buluu na mkasi. "Meza isikae bure. Jikatie gauni, nikushonee."

Nilipoushika ule mkasi, vidole vikautambua kabla ya macho. Mkasi wangu mdogo, uliopotea wiki ile aliyosafiri!

"Mwizi wewe!"

"Niliuazima."

"Fundi viatu nimemnunia mpaka leo kwa ajili ya mkasi huu!"

"Ukifika unisalimie."

Nilikata siku hiyohiyo. Kushona sasa, mtihani. Kila jioni nauliza, gauni vipi? Mara kola, mara uzi wa rangi hiyo umekwisha, mara mjukuu ana mafua. Mwanamke aliyekuwa akishona sare za shule nzima likizo moja! Nikasema moyoni, shoga yangu amezeeka.

Siku ya kuondoka, teksi ikawa mlangoni.

"Bobini, gauni langu liko wapi?"

Alikuwa kwenye cherehani, gauni mapajani. Mkono mmoja umeshaunganishwa, wa pili umelala mezani. Hakuinua macho. Alipitisha uzi kwenye tundu la sindano, akauchomoa, akaupitisha tena.

"Nguo yako bado," akasema. "Njoo Ijumaa."

Nilimkumbatia kwa nyuma, cherehani na gauni na yeye, mpaka dereva akapiga honi.

Wanangu walinipokea wakichungulia nyuma yangu. "Mama mdogo yuko wapi?"

"Kwake."

"Pole, mama. Na lile gauni la buluu?"

"Liko kwa fundi."

"Linaisha lini?"

"Ijumaa," nikasema, na wakadhani uchovu wa safari.

Kesho yake nilikwenda kumsalimia fundi viatu kwa adabu zote, akashangaa. Kisha nikaifunua ile cherehani, nikamwita binti wa jirani akalie kiti. Ana mkono mwepesi, mashallah. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaunganisha blauzi ya mwalimu mstaafu, yule mwenye vichekesho vyake, na anatafuta vifungo ili amwite aje kuichukua.

"Acha vifungo," nikamwambia.

"Kwa nini, mama? Si imeisha?"

"Haijaisha. Huyo tunampenda."