Nyota ya Mabibi Wawili

Mimi ni fundi wa sare za shule. Nimeshona marinda ya sketi mpaka cherehani yangu inaijua miguu yangu kuliko viatu vyangu vinavyoijua. Kwa hiyo nilipoambiwa nishindanie nafasi ya katikati kwenye blanketi la mjukuu wangu mwenyewe, nilikasirika, na sitaki mtu aniambie sikuwa na haki ya kukasirika.

Kikundi chetu cha kushona mablanketi ya viraka hukutana kila mwisho wa mwezi, kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Anayetuongoza ni Mkunga, mama mstaafu mwenye sauti ndogo na kidole gumba kikubwa. Kila mwezi anatugawia bahasha zenye vitambaa vya aina moja kwa wote, pamoja na mchoro wa mraba mmoja. Kila mtu anakwenda kuushona kwake, kisha tunakutana na kuiweka miraba yetu mezani. Mkunga hapimi kwa futi. Anafumba macho, anapitisha kidole gumba pale mishono inapokutana, na akihisi uvimbe anasema neno moja tu: "Fumua."

Nimewahi kuona mtu akilia kwa neno hilo. Sikuwa mimi, ingawa wapo watakaokwambia vingine.

Blanketi la safari hii lilikuwa la mtoto wa binti yangu, aliyekuwa bado tumboni. Baba wa mtoto ni kijana wa Msusi, mwenye saluni, ambaye naye ni mwanakikundi. Yaani mjukuu ni wangu na ni wake, na hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Miraba ya pembeni ilikuwa imekwisha. Ulibaki wa katikati, na Mkunga alikuwa ameuwekea mchoro wa kututoa jasho: nyota ya safu nne, kila safu viraba vinne, kila kiraba pembetatu mbili, na ncha zote zikutane katikati bila hata moja kupotea njia.

"Katikati anashona bibi," alisema Mkunga akitugawia bahasha.

"Bibi yupi?" tuliuliza mimi na Msusi kwa mpigo.

"Ambaye kidole changu kitapita kwake bila kujikwaa."

Niseme ukweli wa moyo wangu. Binti yangu na mumewe wanaishi ghorofa ya juu ya saluni, kwa Msusi. Mtoto akilia, Msusi atapanda ngazi na taulo begani. Akicheka, Msusi ndiye atakayemwona. Mimi niko mbali, na wiki nzima nimebanwa na sare za watu, nitakuwa bibi wa Jumapili, yule anayekuja na biskuti na kuulizwa na mtoto, "Wewe nani?" Niliogopa hilo kuliko nilivyowahi kuogopa jambo lolote. Nilitaka kazi ya mkono wangu ilale na mtoto, kwa kuwa mimi mwenyewe ningekuwa nimelala kwangu.

Siku ya kukutana ilipofika, niliingia saluni na mraba wangu nimeufunga kwenye khanga kama yai. Msusi alikuwa ameshautandaza wake.

"Karibu, mkwe," alisema. "Lete tuione hiyo nundu."

"Nundu unayo wewe. Umepasua njia kwenye vichwa vya watu maisha yako yote, nyota ikushinde?"

"Na wewe fundi mzima, ncha zako mbona zimekimbiana? Zinadaiana?"

Wenzetu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mkunga akafumba macho. Kidole kikapita kwenye nyota yangu, kikafika katikati, kikapanda mlima.

"Fumua."

Kikapita kwenye ya Msusi. Kikapanda mlima uleule.

"Fumua."

Tukakaa meza moja, kila mtu na sindano yake, tunafumua. Sikufumua vyote, nilitenganisha safu tu, maana ndani ya safu hakukuwa na kosa. Yeye alifanya hivyohivyo. Safu zake na zangu zikawa zimelala mezani jirani, rangi zilezile, mtu asingezitofautisha. Nikachukua mbili ili nizijaribu, nikazilaza uso kwa uso.

Zikashikana.

Nilizisikia kwa vidole. Kila mshono uliingia kwenye kona ya mwenzake ukatulia hapo, bila pini. Nikazigeuza haraka. Safu moja ilikuwa yangu, mikunjo ya mishono kwa nyuma yote imelala kulia. Ndivyo nipigavyo pasi tangu nijue pasi, mkono unakwenda wenyewe. Ya pili ilikuwa ya Msusi, yote imelala kushoto, kwa sababu Msusi hutumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, kuanzia kitana hadi kijiko. Zangu kwa zangu, kwa kulala upande mmoja, zilikuwa zinapandana, na zake kwa zake hivyohivyo. Ndiyo sababu ya ule uvimbe.

Na pasi ilikuwa pale pale, ya moto. Ningezipiga pasi safu zangu mbili zilale upande wa pili, nikashona, katikati ikawa yangu, kwisha. Nilishainuka.

Ndipo Msusi aliposema, chini kwa chini, bila kuinua macho, "Wewe una bahati, mkwe. Mtoto atakukimbilia mlangoni kila ukija. Mimi atanijua kwa kumchana nywele. Nani anampenda anayemchana?"

Nikamtazama. Ulimi kaubana kwenye meno, miwani imeteremka, anafumua kama anayemtoa mtoto mwiba. Hasira yangu ikaniacha njiani. Nilijisikia mjinga na nikajisikia furaha ya ajabu, kwa pamoja.

"Mkwe," nikasema, "niletee safu zako."

"Za nini? Unataka kuzicheka?"

"Lete, bwana!"

Nikalaza moja juu ya yangu, nikamwekea vidole vyake pale mishono ilipokutana. Akapapasa. Akapapasa tena. Kisha akapiga kelele iliyomtoa mteja chini ya mashine ya kukaushia nywele. Mimi nikakanyaga cherehani ya kikundi, yeye akawa ananipokeza, yangu, yake, yangu, yake, tukapata nyota. Zilizobaki tukazishona yake, yangu, yake, yangu, tukapata ya pili.

Kidole cha Mkunga kilipita juu ya zote mbili. Kikapita tena. Akafumbua macho na hakusema neno, na hiyo kwetu ni sherehe.

Tukaanza upya kugombania ipi ikae katikati, ile inayoanza na safu yangu au yake, mpaka tukagundua tumeshazichanganya na hatujui ipi ni ipi. Binti yangu akashuka ngazi, tumbo mbele, akachagua moja akiwa amefumba macho. Ya pili ikawa mto.

Mtoto alizaliwa wa kike, na sauti kama ya filimbi ya refa. Nikawa naenda Jumapili, na biskuti zangu. Mpaka siku moja, niko katikati ya sketi ya shule, simu ikaita.

"Mkwe, njoo upesi," alisema Msusi. "Mjukuu wako kacheua katikati ya nyota. Kwenye safu yako."

"Umejuaje ni yangu?"

"Ya kwangu haiwezi kunuka hivi."

"Hiyo ni yako! Ifue!"

"Sifui safu ya mtu. Njoo ufue yako, mimi nifue yangu. Na usije na biskuti, hana meno."

Nikaiacha sketi chini ya sindano, nikafunga mlango, nikaondoka karibu kwa kukimbia. Ilikuwa Jumatano.