Banda Lisilopumua

Ukimwambia mtu wa Naivasha kwamba Dubai kuna watu wanaotafuta joto, atacheka mpaka ashike mbavu. Shem naye alicheka, siku Bi Rukiya, mama wa mwajiri wake, alipomwonyesha mkarafuu wake kwa mara ya kwanza na kumwambia kuwa unakufa kwa baridi. Alicheka peke yake, kwa sababu Bi Rukiya hakuwa anatania.

Mkarafuu huo ulipandwa ndani ya pipa lililokatwa nusu, katika grinihausi kuukuu, banda la nailoni la kufungia joto, nyuma ya jumba la familia huko Al Warqa. Mabomba yalikuwa yameshika kutu. Nailoni ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kila ilipochanika mtu alikuwa amebandika utepe wa gundi, kisha utepe juu ya utepe. Ikifika Januari jangwa hupoa, na upepo uliingia humo bila hodi. Kila mwaka mti ulipukutisha majani, kila mwaka ukaanza upya kama mtoto anayerudia darasa. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja na haujatoa hata tumba moja.

Shem alikuwa ameajiriwa kutunza bustani, na kwa kuwa bustani yenyewe ni nyasi na minazi ya mapambo, aliajiriwa pia kuosha magari, kubeba maji ya kunywa na kufungua geti. Chumba chake kilikuwa pale pale getini. Watu wa nyumba ile hawakuwa wabaya, tusiwasingizie. Walimlipa, wakamlisha, wakamwita kwa kupiga makofi mawili. Lakini mtu anaweza kuishi miaka miwili kwa makofi mawili na kusahau kuwa ana ulimi. Mkewe, Everlyn, alipiga simu kila Jumapili. Mazungumzo yao yalikuwa karo, mvua, na mtandao kukatika.

Kilichomwokoa ni ile saa moja baada ya magharibi. Bi Rukiya akishaswali alitoka kwa mlango wa jikoni na seredani yake ndogo ya makaa, akaingia grinihausi, akaiweka karibu na mkarafuu. Juu ya makaa aliweka birika la kahawa, na kahawa ikishakuwa tayari alitia ubani. Madam, mke wa mwanawe, hakutaka moshi wa ubani ndani ya nyumba kwa sababu mtoto ana pumu. Basi mama mkwe alifukizia miti.

Alikuwa ametoka Unguja msichana wa miaka kumi na minne. Sasa alikuwa na wajukuu sita, na hata mmoja hakujua kusema "nina njaa" kwa lugha ya bibi yake. Mwanawe Marwan alielewa maneno mawili matatu, ya kutukania. Kwa hiyo siku ile mtunza bustani mpya aliposimama mbele ya mti na kunong'ona, "Woi, hii mti imeteseka," Bi Rukiya aliketi kitako kwenye ndoo.

"Huu mti," alisema. "Huu. Mwanangu, nani kakufunza Kiswahili hicho? Kinatambaa kwa magoti."

"Ni cha Kisii, Bibi. Kimepitia Naivasha."

"Basi kimechoka. Kaa kitako ukipumzishe."

Tangu siku hiyo wakawa wanakaa. Yeye kwenye kiti cha plastiki, Shem kwenye ndoo karibu na mlango, mkasi wa kupogolea mkononi ili mtu akichungulia aone kuwa anafanya kazi. Bi Rukiya alimsimulia harusi za watu waliokwisha kufa. Shem alimsimulia miaka tisa aliyofanya kazi katika mashamba ya waridi, ndani ya grinihausi ndefu kuliko mtaa huu, ambako mtu alijifunza kuogopa tundu la ukubwa wa shilingi. Bi Rukiya alimwita Shemu, kwa herufi ya ziada, naye Shem aliipenda herufi hiyo.

Januari iliyopita mti ulibaki na majani tisa. Bi Rukiya aliyahesabu, akalia waziwazi, na kesho yake akamwambia mwanawe kwamba hataki zawadi nyingine duniani ila banda jipya lisilopitisha baridi. Marwan alikuwa mtu wa shughuli nyingi anayempenda mama yake kwa haraka haraka. Alisema inshallah, na kwa kweli Novemba akaleta fundi.

Hapo ndipo Shem alipojiona mtu. Fundi alileta mchoro wake, Shem akauchukua na kuuchorachora upya. Plastiki ngumu ya tabaka mbili badala ya nailoni. Mpira kuzunguka mlango wote. Mapipa meusi ya maji yapangwe ukutani, yanywe jua mchana na kulitema jioni. Madirisha ya juu yafunguke yenyewe hewa ikichemka, lakini si kabla. Fundi akauliza, na matundu ya chini ya kupitisha hewa, ayaweke wapi?

"Usiweke," Shem alisema. "Baridi huingilia hapo."

"Nyinyi watu!" fundi alishangaa. "Joto lote hili la Dubai halijawatosha, mnataka kufungia jingine?"

Baada ya wiki moja banda likawa limesimama. Asubuhi ya kwanza kipimajoto kilisoma digrii ishirini na mbili, wakati nje ilikuwa kumi na nne. Bi Rukiya alizunguka akigonga plastiki kwa kidole kama anayenunua chungu.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," alisema. "Shemu, wewe si mtu wa kuosha magari."

Hakuna aliyemwambia Shem neno kama hilo tangu ashuke ndege. Alikwenda nyuma ya mapipa akajifanya anakagua maji.

Majuma mawili yaliyofuata yalikuwa ya raha. Banda lilikuwa na joto kama la jikoni kwa mama, wala upepo haukusikika. Saa moja ikawa saa moja na nusu. Bi Rukiya alivua shali yake, akaimba. Seredani aliendelea kuja nayo, ingawa mti haukuihitaji tena, na mlango alitaka ufungwe ili joto lisitoroke. Shem alikuwa akirudi chumbani na kichwa kizito. Alidhani ni usingizi wa mtu aliyefurahi.

Jioni moja Bi Rukiya alikuwa katikati ya kisa cha shangazi yake aliyekimbia na mpiga zumari. Akanyamaza. Shem alingoja. Alipoinua macho alimwona kichwa kimelala begani, kikombe kimemwagika mapajani, naye hana habari. Shem akasimama, na magoti yake yakakataa. Ndipo jina la Lenny likamjia.

Lenny walifanya naye kazi Naivasha. Julai moja yenye baridi aliingiza jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha, akalala. Shem ndiye aliyevunja mlango asubuhi. Lenny alikuwa na uso wa mtu aliyepumzika vizuri.

Alijitupa mlangoni, akausukuma, akarudi kwa kutambaa na kumburuta Bi Rukiya pamoja na kiti chake mpaka nje kwenye nyasi. Hewa ya baridi ikawapiga. Baada ya muda mrefu kuliko Shem alivyoweza kuvumilia, mama akakohoa, akatapika kidogo, akafungua macho.

"Presha," alisema.

"Si presha, Bibi. Ni makaa. Hewa yake inaua, na haina harufu."

"Miaka sitini nafukiza ubani, sijafa hata mara moja."

"Ile banda ya zamani ilikuwa inavuja. Ile mashimo ndiyo ilikuwa inatuokoa. Mimi nimeziba yote. Ni mimi, Bibi, nimeziba."

Alimwomba aache seredani, au wakae nje. Bi Rukiya alimtazama kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mgeni.

"Tukikaa nje, madam atatuona, atasema bi mkubwa anapiga porojo na mtunza bustani. Nikija bila seredani, nitasema naenda kufanya nini huko kila siku? Kutazama jani?" Akamshika mkono. "Haya ni yetu, Shemu. Usimwambie mwanangu. Akijua atanifungia ndani na ile televisheni."

Shem aliahidi. Alidhani ataweza kulitengeneza jambo kwa mikono, kama anavyotengeneza kila kitu. Kesho yake alikata ule mpira wa chini ya mlango, ukabaki uwazi wa vidole viwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaharibu kazi nzuri kwa makusudi. Jioni madam alimwita aoshe gari lake ndani na nje. Aliporudi, grinihausi ilikuwa imefungwa, taa inawaka. Uwazi ulikuwa umezibwa kwa kanga iliyokunjwa vizuri, kutoka upande wa ndani.

Alimtoa Bi Rukiya nje tena. Safari hii alikuwa macho, anasinzia tu, na alikasirika kuamshwa.

"Baridi ilikuwa inaingia," alisema. "Mti una majani mapya, hukuyaona?"

Siku tatu Shem hakulala vizuri. Alijua vizuri sana kilichokuwa kwenye mizani. Akinyamaza, ataendelea kuitwa Shemu kila jioni, mpaka jioni atakayochelewa dakika kumi. Akisema, mama ataishi, na yeye atarudi kwenye makofi mawili. Alijaribu kujiambia kuwa anamfikiria mama peke yake. Uongo. Alikuwa akijililia na yeye mwenyewe, tena sana, na aliona haya kwamba ilimchukua siku tatu.

Siku ya nne alimsubiri Marwan aegeshe gari.

"Sir, ni kuhusu mama," alisema, akamweleza yote kwa Kiingereza chake cha kazini, kifupi, bila shangazi wala mpiga zumari ndani yake.

Uso wa Marwan ulipauka. Alimshika Shem bega, akamwita ndugu, akasema Mungu amlipe. Kisha akapita jikoni mwenyewe na kuichukua seredani, na jioni ile ile akaweka kufuli la namba kwenye mlango wa grinihausi. Namba alipewa Shem peke yake. Mama alinunuliwa chombo cha umeme cha kufukizia, kisichotoa moshi, akawekewa sebuleni mbele ya televisheni. Kila jambo lilifanywa kwa upendo, na hakuna aliyemuuliza mama alikuwa akienda kule kutafuta nini.

Shem aliendelea na kazi. Alifungua kufuli asubuhi na magharibi, akamwagilia maji, akasoma kipimajoto, akaandika. Mkarafuu ulinawiri ajabu. Majani yalitoka mekundu, yakageuka kijani, mengine yakatoka. Katikati ya Februari, kwenye ncha ya tawi la juu, aliona kishada cha matumba madogo, kila moja kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Alisimama pale na mkasi mkononi akiwa na habari kubwa kuliko zote katika nyumba ile, na hana wa kumwambia.

Akasubiri. Alasiri Bi Rukiya alitolewa barazani kuota jua, mfanyakazi wa ndani akamwacha na tasbihi yake, akaingia kuzungumza kwa simu. Shem alivuka nyasi haraka. Alivua kofia. Alikuwa amepanga maneno, na ameyapanga kwa ufasaha ili apunguziwe adhabu ya kuvunja ahadi.

"Shikamoo, Bibi. Mkarafuu wako umetoa matumba. Huu mti wenyewe, huu. Nifungue ukauone?"

Bi Rukiya aliinua macho. Alimtazama usoni, polepole, na Shem aliona wazi kuwa amesikia kila neno. Alisogeza punje moja ya tasbihi.

"Inta," alisema. "Yib mai. Yalla."

Kilikuwa Kiarabu cha uani, kile kifupi wanachoambiwa wafanyakazi wote wa mtaa ule, wawe wametoka wapi: wewe, lete maji, upesi. Katika miaka miwili hakuwahi kumsemesha hivyo hata akiwa na homa.

Shem alileta maji. Bi Rukiya alikunywa nusu, akamrudishia glasi bila kumtazama, akaendelea na tasbihi. Mikono yake ilikuwa na afya, uso wake una damu. Yu hai, na ataishi. Shem alijiambia hivyo mara mbili pale pale aliposimama, na ilikuwa kweli, wala haikumsaidia. Laiti angemtukana. Angesimama hapo mpaka jua lizame akitukanwa, mradi atukanwe kwa Kiswahili.