Oga Vizuri, Mwanangu

Kwetu Ikutha, mtoto akitia mguu kwenye maji ya mwambani anachapwa, na hakuna jirani atakayekuja kumwombea. Mvua huyaacha maji hayo kwenye mashimo ya mawe makubwa juu ya kilima, na kiangazi kikikaza tunayateka kwa kata, polepole, tusije tukakoroga tope la chini. Mimi nilichapwa nikiwa mdogo. Jioni hiyo baba yangu, Mulei, alinionea huruma. Akaniambia kwamba huko pwani, alikokata mkonge ujanani, kuna maji ya mwambani ambayo mtu huingia mwili mzima, akaelea, na hapana wa kumgombeza. Akaniahidi kwamba atanipeleka.

Baba alikuwa mtu wa ahadi nyingi na nyingi zilifia njiani. Hii moja sikumwachia. Nilimkumbusha kila mavuno, mpaka mama akawa ananicheka, eti nitaolewa nikiwa bado nadai bahari.

Na kuolewa kwenyewe kulikuwa kumekaribia. Kisilu, kijana wa kwa Kiema, alikuwa ameleta mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao wakishaingia kwenu kila mtu anajua una mwenyewe. Niliwachunga mimi. Mmoja alikuwa na sikio jeupe na tabia mbaya ya kula nguo. Siku nilipomkuta na pindo la leso yangu mdomoni sikumpiga, kwa kuwa alikuwa mbuzi wa Kisilu. Mapenzi humfanya mtu mjinga hivyo, na mimi nilikuwa mjinga mwenye furaha.

Hiyo ilikuwa miaka ya thelathini, nzige walipokula mtama na ukame ukamaliza ng'ombe. Wa baba walikufa wote. Asubuhi aliendelea kwenda kukaa langoni mwa zizi tupu, kwa mazoea tu, na watu wakipita alijifanya anachonga fimbo. Mtu mzima asiye na ng'ombe, kwetu, haongei barazani akasikilizwa. Hilo lilimla baba kuliko njaa yenyewe.

Basi siku moja akasema tunakwenda pwani, yeye na mimi. Alisema amealikwa na Salim, mfanyabiashara wa mifugo na ngozi aliyekuwa na duka Kitui mjini, ambaye asili yake ni huko pwani. Salim nilimjua. Alikuwa mjane, mtu wa rika la baba, mpole, na Kiswahili changu kidogo nilikiokota kwake alipokuja Ikutha kununua ngozi. Sikuuliza nauli ya gari moshi imetoka wapi. Nilikuwa nimeingoja bahari tangu utotoni, nitauliza nauli?

Mama alinifungia unga na asali, akanivisha bangili yake ya shaba. Akasema, "Ukifika kwa hayo maji, oga vizuri, mwanangu. Usituaibishe." Nilicheka, nikamuuliza nani ataniangalia mgongo. Yeye hakucheka.

Tulivuka mto Athi ukiwa chini, tukatembea mpaka Mtito Andei, tukapanda gari moshi. Baba alininunulia ndizi stesheni. Njia nzima alikuwa mwema kupita kawaida, akanipa dirisha, akanionyesha twiga. Baada ya Mombasa tukavuka kwa pantoni iliyovutwa kwa mnyororo, wavutaji wakiimba, tukafika kijijini kwa kina Salim. Dada yake mkubwa, Mwanamkasi, alinipokea kwa mikono miwili, akaniambia asubuhi tutakwenda kuoga.

Na kweli kulikuwa na maji ya mwambani. Bahari ilikuwa imekupwa, imejiondokea mbali, ikaacha shimo refu katikati ya mawe makali, maji yake ya kijani na tulivu, samaki wadogo wakikimbizana chini. Lilikuwa la wanawake peke yao. Wenzangu waliingia na leso zao wakicheka, na mimi nikabaki ukingoni. Mguu ulikataa. Nilikuwa msichana wa kuolewa, na bado niligeuka kutazama kama kuna mtu amekata kiboko. Mwanamkasi akanishika mkono, nikaingia. Nikayaonja, nikatema, wakacheka tena. Halafu akanilaza chali, kiganja chake chini ya mgongo wangu, akaniambia nisishindane na maji. Alipoondoa mkono nilikuwa naelea. Nililia kwa furaha, nasema wazi. Niliwaza: baba hakunidanganya.

Walinitoa, wakaniketisha kwenye jiwe, wakaanza kunisugua kwa liwa, ule mti wa manukato uliosagwa. Wakanisugua mabega, mgongo, mpaka nyayo, mmoja akiimba taratibu na wengine wakiitikia. Nilidhani ndivyo wageni wanavyofanyiwa pwani. Nikaona sisi wa bara hatuna adabu, mgeni tunampa uji tu na kigoda.

Nikamuuliza Mwanamkasi kama harufu ile itadumu mpaka nifike Ikutha.

"Ikutha waenda lini?" akauliza.

"Kesho kutwa, na baba. Nataka Kisilu anuse."

"Kisilu ndiye nani?"

"Ni mwenye mimi. Mbuzi yake iko kwetu."

Wimbo ulikatika. Mkono wake ulisimama begani mwangu, na wanawake wakatazamana. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakipanda juu ya mawe bila mvua, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani, lakini hakuna aliyeondoka.

Mwanamkasi akapiga magoti mbele yangu. "Mwanangu, hapa twakuogesha uharusi. Kesho wasilimu, jioni wafungishwa nikahi na kaka yangu. Baba yako alituapia kuwa umeridhia."

Nilisema hapana. Nililisema kwa Kikamba kwanza, kisha kwa Kiswahili, kisha nikapiga kelele. Yeye akanifunika leso yake kavu, akasema kwao mtu haozwi kwa kuibiwa, na kwamba neno langu limetosha.

Tulipofika nyumbani baba hakuwepo. Alikuwa amevuka na pantoni akarudi zake, na fimbo yake na mkoba wake, wakati mimi nikielea kwenye maji aliyoniahidi. Angeweza kunidanganya kwa kitu kingine chochote. Angesema tunakwenda sokoni, au kwa mganga. Alichukua ile ahadi niliyoipenda kuliko zote, akanivulia nayo, na hilo sijamsamehe hata sasa yuko kaburini.

Salim alisimama nje ya mlango, hakunitazama. Alisema kwa sauti ndogo, "Mimi sinunui mtu." Akasema watu wake walikwishapeleka ng'ombe Ikutha, watarudi kuwachukua. Aliona haya kuliko mimi. Kesho yake Mwanamkasi alinipeleka mpaka stesheni, na leso yake akaniachia.

Kutoka Mtito Andei nilijiunga na watu waliokuwa wakivusha mbuzi kwenda ng'ambo ya Athi. Njia yote nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama. Nilijua atalia. Nilijua atamfukuza baba kwa mwiko, atanishika kichwa, ataniita jina la bibi yake kama anavyofanya nikiugua. Wazo hilo ndilo lililonitembeza. Nilikuwa nimepoteza baba, lakini mama ninaye.

Nilifika jioni. Baba alikuwa amenitangulia, yuko kwa jirani anakunywa pombe ya kaluvu. Mbuzi wa Kisilu hawakuwepo, wala kamba zao. Zizini mlikuwa na ng'ombe, wanono, wageni, na mama amechuchumaa chini ya mmoja wao akikama. Alinisikia, akainua kichwa. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu kama kuna mtu anayenifuata. Liwa ilikuwa bado inanukia mwilini mwangu.

Akasema, "Kwani hukuoga?"

Kumbe alijua. Bangili ile ilikuwa ya kuniaga. Na mbuzi, Kisilu aliniambia baadaye tulipokutana njiani: mama ndiye aliyewarudisha kwao, kwa mkono wake, asubuhi ile ile tulipoondoka.

Nilimwambia nimeoga. Nikamwambia pia kwamba wenye ng'ombe wako njiani, wanakuja kuwachukua. Akainamisha kichwa, akaendelea kukama.